Trekta Lililofichwa Bafuni

Zeinolla alikuwa amechoka tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado haijaisha.

Alichoma beleshi kwenye lundo la makaa ya mawe, akageuka, akayatupa ndani ya boila, akageuka tena. Kiuno kikalia kama mlango wa zizi. Juu ya dari, watoto wa shule ya Akkuduk walikuwa wamekaa kwenye joto lao wakisoma habari za mito na wafalme, na sidhani kama kuna aliyejiuliza joto hilo linatoka wapi. Yeye hakuwalaumu. Alifunga mlango wa boila kwa goti, akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa shati, akaketi kwenye benchi la dirishani. Hapo uso wake ukabadilika kidogo. Haukuchangamka, hapana, uchovu ulibaki palepale. Ila sasa ulikuwa uchovu wa mtu aliyefika nyumbani.

Juu ya benchi, chini ya gunia, palikuwa na trekta.

Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu, kuanzia kiwikoni hadi ncha za vidole. Rangi yake njano, lakini si njano mpya. Ni ile njano iliyopigwa na jua na vumbi la ngano. Lilikuwa Kirovets, yale matrekta makubwa ya nyika yetu, ambayo kila mwenye mvi hapa kijijini aliwahi ama kuyaendesha ama kuyakimbia. Kirovets haligeuzi magurudumu kama gari. Mwili wake ni vipande viwili: cha mbele kina injini na kebini, cha nyuma ni cha kukokotea plau, na katikati kuna kiungo. Dereva akizungusha usukani, trekta zima linajipinda kiuno, kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma.

Zeinolla alikuwa na lake siku za ujana, kwenye shamba la serikali. Halikuwa lake, bila shaka, lakini nani angemwambia hivyo? Shamba lilipokufa, wakaja watu na mitungi ya gesi, wakalikatakata, wakalipakia kwenye malori pamoja na vyuma vingine chakavu. Yeye alisimama pale akiangalia. Walianzia kukata kiunoni.

Sasa alikuwa analirudisha, dogo, kwa bati na gundi. Tabu yake ni kwamba hakukuwa na kitu cha kupimia. Picha alizokuwa nazo zilikuwa picha za watu; trekta liko nyuma yao, nusu gurudumu huku, taa moja kule. Basi akapima kwa mwili wake. Ngazi ya kwanza ya kupandia ilikuwa ikimfika gotini. Boneti ilimpita kichwa. Tairi lilimfika kwenye nyusi. Alichonga kijiti, akakitia alama ya goti, kiuno, kidevu na nyusi, akakiita Zeinolla, na kila kipande cha trekta kikasimamishwa kando ya kijiti hicho kwanza. Hata hivyo kebini ya kwanza ilitoka fupi, tena fupi ya kuchekesha. Alihangaika nayo majira mazima ya baridi, akikata na kuunga, mpaka siku moja akiwa anavaa suruali akagundua kosa liko wapi. Trekta halikuwa na neno. Yeye ndiye aliyefupika. Miaka imembonyeza, na alichukua vipimo vya mzee kupimia trekta la kijana.

Akachonga kijiti kingine, kirefu kidogo, akaanza upya.

Fremu aliitoa kwenye friji bovu. Boneti ni makopo ya maziwa. Vioo vya kebini ni chupa ya soda iliyonyooshwa kwa mvuke wa birika. Taa za mbele ni vichupa vya dawa ya sindano vilivyokatwa vitako. Matairi yalikuwa gambuti la mkewe Kulyash, ambalo lilipotea siku moja na halikuonekana tena. Kila jino la tairi alilikata peke yake na kulibandika peke yake, na yako mengi, acha kabisa. Kwenye kiungo cha kiuno aliweka beringi ndogo na pini ya chuma aliyoisugua kwa tupa mpaka ikang'aa. Ukishika mbele na kuzungusha, nyuma inafuata polepole, kwa uzito uleule. Ukiichomoa pini, unabaki na vipande viwili mikononi.

"Hilo bonyeo la mlango wa kebini umelizidisha," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Vitali, jirani yake, fundi wa zamani wa shambani, ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kuingia kwenye chumba cha boila kuota moto.

"Halijazidi," Zeinolla akajibu bila kugeuka.

"Lilikuwa dogo. Nalikumbuka mimi."

"Lazima ulikumbuke. Geti nililoligonga lilikuwa lako."

"Geti langu lilikuwa limesimama, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unatembea."

Zeinolla akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Vitali akavuta kiti, akainama akachungulia ndani ya kebini kama mtu anayenunua.

"Kimebaki nini?"

"Bomba la moshi. Na kupaka weusi pale ambapo moshi hupaka."

"Basi fanya haraka umalize," Vitali akasema, akijifanya anatazama dari. "Dada yako kampigia simu mke wangu. Sayat yuko njiani. Anakuja kwa sikukuu ya Nauryz."

Tupa ikasimama mkononi mwa Zeinolla.

Inafaa ieleweke kwa nini tupa ilisimama. Kwetu mtoto wa dada ni mtu wa kuogopwa. Katika maisha yake ana haki ya kuwaomba wajomba zake kitu mara tatu, na mara zote tatu hanyimwi. Unaweza kununa, unaweza kulia, lakini unatoa. Sayat, mpwa wa Zeinolla, alitumia ombi la kwanza akiwa mtoto wa kushikwa mkono: alimnyooshea kidole mwanafarasi bora wa mwaka ule, mwenye baka jeupe usoni. Akapewa. La pili alilitumia siku ya harusi yake, akaomba pikipiki yenye kigari cha pembeni. Akapewa. Na kabla mwaka haujageuka, Zeinolla akaiona pikipiki ile kwenye gulio la mjini, imepandwa na mtu asiyemjua, na ndani ya kigari wamekaa kondoo wawili.

Hakusema kitu siku ile. Lakini ombi la tatu lilikuwa bado halijatumika.

"Atalitaka," Vitali akasema.

"Najua."

"Halafu atalipeleka huko anakofanya kazi, kwenye visima vya mafuta, wenzake watalichezea, watavunja taa..."

"Vitali, nimesema najua."

Macho ya Zeinolla yalikuwa yameanza kuona ukungu pembeni. Hakuwa amemwambia mtu. Lakini alijua hatatengeneza jingine. Na alikuwa amewaza jambo hili mara nyingi akiwa na beleshi mkononi: ngano aliyolima maisha yake yote imeliwa, makaa aliyotupa yameungua, trekta lenyewe limeyeyushwa nchi ya watu. Hiki tu ndicho kitu alichofanya ambacho kingeweza kubaki.

Siku ya mgeni, alilibeba trekta nyumbani likiwa limefungwa kwenye blanketi. Kwenye boila halingekaa, kwa sababu Sayat kila akija huingia kule kumsalimia. Ndani ya nyumba ndiyo kabisa. Akazunguka uani akiwa amelikumbatia, theluji ikimwingia kwenye buti, mpaka akaliona lile bafu la mvuke, kijumba cha magogo nyuma ya zizi, baridi na kimya. Chumba chake cha nje kina dirisha. Cha ndani hakina. Akaliweka ndani, kwenye rafu ya juu kabisa, akalifunika kwa matita ya matawi yale ambayo watu hujichapia mwilini wakioga mvuke. Mkewe hakumwambia, Kulyash akiwa na simu mkononi hana siri. Kisha akarudi kazini, maana boila halijui habari za wapwa.

Mtu yeyote wa kwetu angeliona kosa palepale. Mgeni anapotoka mbali, tena kipindi cha baridi, anafanyiwa nini kwanza? Hata mtoto anajua. Lakini Zeinolla alikuwa amechoka, na uchovu hula kwanza mambo yale ambayo kila mtu anayajua.

Jua lilipoanza kuegemea, akamwachia Vitali beleshi akaenda nyumbani. Alipofika kwenye uzio akaona moshi unapanda nyuma ya zizi, mweupe, ulionyooka. Kwanza alifurahi. Mgongo wake ulikuwa unaombea mvuke tangu wiki iliyopita. Akapiga hatua nyingine, na nyingine. Halafu akaelewa ni moshi wa wapi.

Zeinolla hakuwa amekimbia tangu trekta lilipokuwa hai. Siku hiyo alikimbia.

"Kulyash!" alipiga kelele. "Bafu! Nani kawasha bafu?"

Mkewe akatoka mlangoni na mikono yenye unga. "Nani mwingine? Mtoto katoka safari, ananuka mafuta kama taa ya chemli. Ulitaka nimweke mezani hivyo hivyo? Hebu, mbona umekuwa mwekundu, we mzee?"

Kabla hajajibu, mlango wa bafu ukafunguka wenyewe. Wingu la mvuke likatoka, na ndani ya wingu akatoka Sayat, mnene zaidi kuliko mwaka jana, taulo kiunoni, miguu mitupu juu ya theluji, matawi yamemganda mgongoni. Mikononi, kama mtu aliyembeba mwanakondoo, alikuwa na trekta.

"Mjomba, shikamoo! Na huyu naye alikuwa na zamu ya kuoga?"

Zeinolla alinyoosha mikono yote miwili kuelekea trekta.

"Nimemkuta juu kabisa," Sayat akaendelea, "pale penye joto la wanaume wa kweli. Mimi mwenyewe huwa sikai pale. Nikasema huyu ni nani asiyetoa jasho?"

"Vaa viatu, mwendawazimu!" Kulyash akamfokea. Kisha akakitazama kile alichokibeba, na hasa magurudumu yake. "Kumbe gambuti langu."

Joto lilikuwa limefanya yake. Paa la kebini lilikuwa limeteleza likakaa upande kama kofia ya mlevi. Gundi ya matairi ilikuwa imelegea na meno yalikuwa yametoka, hapa moja, pale kundi zima, na gurudumu la nyuma lilikuwa kibogoyo kabisa. Zeinolla akayatazama, akaketi juu ya gogo la kuchanjia kuni.

"Nimeyaokota," Sayat akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjomba, yote nimeyaokota. Niliyatafuta mpaka chini ya mbao. Yako kwenye kata ya maji."

Mezani Kulyash alijaza kila kitu: soseji ya nyama ya farasi, maandazi, nyama juu ya unga uliokandwa mwembamba, chai ya maziwa ambayo haikuruhusiwa kupoa. Trekta lilikuwa katikati, juu ya gazeti, kama mgonjwa. Vitali alikuwa ameliacha boila kwa muda, akaja eti kuazima chumvi, na akabaki. Wote wanne walikuwa wanajua kuwa ombi la tatu bado lipo, na hakuna aliyelitaja.

Kulyash ndiye aliyeanza vita. Alikwenda chumbani, akarudi na koti la manyoya ya mbweha.

"Sayat mwanangu, hili si ulilipenda zamani? Si useme tu?"

Sayat alilala kila likizo ya utoto wake kwenye nyumba ile, ndiyo maana humwita mama. Akalipapasa koti. "Zuri, mama. Linamkaa vizuri mjomba."

"Halimkai! Amefupika! Na yule farasi jike mwenye mimba, umemwona?"

"Nimemwona. Mashallah."

"Basi omba!"

Vitali alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Zeinolla akafunika macho kwa kiganja. "Mwache mtoto ale," alisema. "Sina nguvu za mchezo huu."

Walipomaliza kula, hakuna aliyesema tuanze, lakini wakajikuta wameanza. Sayat alishika gurudumu, Zeinolla akabandika jino, wakangoja gundi ishike, jino jingine. Vidole vya Sayat vilikuwa vinene, na mafuta yameingia kwenye nyufa za ngozi pale ambapo hakuna sabuni inayofika. Alikuwa akisinzia. Kichwa kikianguka anakirudisha, gurudumu halitikisiki.

"Mnalala saa ngapi huko?" Zeinolla akauliza.

"Tunalala wakati wowote, mjomba. Ndiyo shida. Tunalala kwenye makontena, kitanda juu ya kitanda. Ukiamka hujui umeamka zamu ipi." Akapiga miayo. "Pikipiki niliiuza ili nilipe nauli ya kwenda kule mara ya kwanza. Sijawahi kukwambia."

"Hujawahi."

"Niliona haya."

Zeinolla akabandika jino jingine. Halikukaa sawa, akalitoa, akalifuta, akalirudisha.

Paa la kebini lilikuwa bado wazi. Sayat akainamisha kichwa kuchungulia ndani: usukani wa waya, kanyagio, kiti cha ngozi. Kisha akauliza taratibu, "Hapa nyuma ya kiti pana nini?"

"Koti," Zeinolla akajibu.

Kilikuwa kipande kidogo cha kitambaa cha kijivu, kimekunjwa mara mbili, kimewekwa pale ambapo dereva huwa haweki kitu. Kwenye trekta la kweli Sayat alilala pale kiangazi baada ya kiangazi, akiwa mdogo wa kutosha kuenea, juu ya koti la mjomba wake, injini ikinguruma chini ya sikio lake.

"Likifika mwisho wa shamba likijipinda," Sayat akasema, "nilikuwa nahisi hata usingizini. Nikihisi hivyo najua uko, nalala tena." Akapangusa pua kwa mkono. "Kontena halijipindi."

Kulyash akaweka birika chini.

"Mjomba, nina ombi langu la tatu."

"Sema," Zeinolla akasema. Jambo la ajabu, alijiona mwepesi, kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya kung'oa jino na sasa ameitwa.

"Naomba trekta. Kipande cha mbele."

"Kipande gani?"

"Cha mbele, mpaka kiunoni. Cha nyuma kibaki kwako."

Vitali akaruka. "Ombi la nusu! Tangu lini? Sasa hapa ombi limekwisha au imebaki nusu?"

"Limekwisha!" Kulyash akasema. "Limekwisha lote, mashahidi tupo!"

"Limekwisha, mama," Sayat akakubali.

Lakini Zeinolla alikuwa hacheki. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Cha mbele peke yake hakisimami," alisema. "Kinaanguka. Na cha nyuma ni mkokoteni tu. Unanifanya nini, mwanangu? Hii ni mara ya pili linakatwa, na mnalikata palepale."

"Safari hii halikatwi, mjomba. Linachomolewa pini." Sayat akaweka gurudumu chini polepole. "Pini kaa nayo wewe. Nikija kwa Nauryz nakuja nacho, tunaunga, linasimama. Nisipokuja, wote wawili tuna takataka."

"Pikipiki nayo uliahidi ingekuja kila Nauryz."

Maneno hayo yaliingia. Sayat akatazama mikono yake. "Ndiyo," akasema. "Ilikuwa ije."

Zeinolla alikuwa anaweza kununa. Alikuwa anaweza kulia pia, na macho yake tayari yalikuwa na ukungu wao, nani angejua tofauti? Mwishowe akavuta trekta upande wake, akalipinda kiuno mara moja kulia, mara moja kushoto, nyuma ikafuata kwa uzito uleule. Kisha akashika pini kwa koleo dogo, akaivuta. Ilitoka kirahisi. Alikuwa ameisugua vizuri.

Sayat aliondoka sikukuu ilipoisha, kipande cha mbele kikiwa kwenye begi, kimezungushiwa soksi zake zote za sufu. Zeinolla alirudi kwenye boila siku hiyohiyo. Beleshi, kugeuka, kutupa, kugeuka. Alipopata nafasi akafunua gunia. Kipande cha nyuma kilikuwa kimeinama, kiungo chake kimegusa benchi kama pua ya mbwa aliyelala. Hakikuonekana kama kitu chochote. Akachagua kipande cha kaa la mawe chenye ubapa, akakisukuma chini ya kiungo, na trekta likasimama sawa, au nusu yake.

"Atakirudisha?" Vitali akauliza kutoka kwenye kiti chake cha kuotea moto.

"Sijui."

"Na wewe utafanya nini mpaka mwakani?"

Zeinolla akapapasa mfuko wa shati, akaikuta pini, akaiacha palepale. Boila likagonga kwa ndani, likidai.

"Lile bonyeo la mlango wa kebini," akasema, akishika beleshi, "umeniambia ni kubwa. Kaondoka nalo hivyohivyo. Akija nitalipunguza."